Bahasha ya Mfalme

Jumapili, 22 Juni

Naanza daftari hili kwa sababu nimepewa kazi, na mimi nikipewa kazi huandika. Aliyenipa ni Bogumił, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Aston, kwa Waingereza, Mpolandi wa miaka sabini na sita aliyemaliza nguvu zake kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Huniita Profesa, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba nilikuwa mwalimu wa historia wa sekondari, Unguja, basi.

Kila mwaka mwishoni mwa Julai, klabu yake hukutana kwenye ukumbi nyuma ya kanisa kule Kings Heath na kupigana upya pambano la Markuszów juu ya meza, kwa askari wa bati wenye urefu wa kifundo cha kidole gumba. Mwamuzi wao amehamia Wales. Mwamuzi mpya ni mimi.

Nieleze kidogo. Mwaka 1791 Wapolandi walijiandikia katiba mpya. Baadhi ya wakubwa wa nchi hawakuipenda, wakaita jeshi la Urusi, na Mei ya mwaka uliofuata vita vikaanza. Jeshi la Poland lilikuwa dogo. Likawa linapigana na kurudi nyuma, linapigana na kurudi nyuma, mpaka likakaribia mto Vistula. Tarehe 24 Julai mfalme, ambaye mwenyewe aliiapia katiba ile, akajiunga na hao hao waliowaita Warusi. Tarehe 26, penye mji mdogo wa Markuszów, wapanda farasi wa Kipolandi chini ya Eustachy Sanguszko wakawageukia Warusi waliokuwa wakiwafuata, wakawazuia. Walipigana vizuri. Lakini vita vilikuwa vimekwisha siku mbili kabla, kwa kalamu.

Saa gani hasa habari iliwafikia kambini, sikupata kitabu cha kuniambia. Kwa hiyo Bogumił alitunga kanuni yake. Mwamuzi hukaa na bahasha iliyofungwa, ndani yake mna barua ya mfalme, na yeye peke yake ndiye anayeamua aifungue lini. Mwamuzi wa zamani alikuwa akiifungua mwisho, watu wakishapeana mikono.

Jumanne, 24 Juni

Mdogo wangu Vuai amekubali kuwa Sanguszko. Bogumił ameniomba nisimsimulie mwisho wa vita, nami kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimezuia maelezo.

Vuai ana miaka sitini na minane. Alikuja huku miaka mitatu iliyopita, baada ya mkewe kufariki, kumtembelea bintiye Jokha anayekaa Newtown. Moyo ukamsumbua, akalazwa, akabaki. Anaishi kwangu kwa kuwa nyumba ya Jokha ni ghorofa ya tisa na lifti yao ina tabia zake. Januari tuliomba ruhusa ya yeye kukaa nchini. Fomu niliijaza mimi, neno kwa neno, bila wakili. Nilijivunia kazi ile.

Ni fundi wa kofia za viua, zile za matundu yanayotobolewa na kushonwa kwa mkono. Sasa anashona ya mchumba wa Jokha, nyeupe juu ya nyeupe, tundu moja baada ya jingine.

Jumanne, 1 Julai

Joto. Wazoa taka bado wamegoma, mtaa mzima unanuka maganda ya tikiti.

Jumamosi, 5 Julai

Vuai alishinda kwa Bogumił akipaka rangi bendera za mikuki. Jicho lililotoboa viua miaka hamsini halihitaji miwani kwa kazi ile.

"Huyu farasi wako ana miguu mitano," alimwambia Bogumił kwa Kiingereza chake cha sokoni.

"Mmoja ni mkia."

"Basi mpake rangi ya mkia, maskini. Anajikwaa."

Akaingia Inderpal, aliyeendesha basi miaka mingi katika mji huu na ambaye kila mwaka huongoza Warusi. "Nasikia jemadari wenu ni mshona kofia."

"Na mimi nasikia wenu ni dereva wa basi," Vuai akasema bila kuinua kichwa. "Tutakungoja kituoni. Utachelewa, kama kawaida."

Inderpal alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona Vuai mchangamfu hivi tangu azikwe mkewe.

Jumatano, 9 Julai

Nikaha ya Jokha imepangwa tarehe 9 Agosti. Vuai ndiye walii, na bila idhini yake hakuna ndoa. Amesema mashahidi wawili watakuwa ami yake bwana harusi na mimi. Niliona fahari, lakini nilimwambia shahidi anatakiwa awe mtu mwadilifu. Akasema, "Ndiyo maana nimekutaja wewe, Kaka. Uadilifu wako unachosha."

Jumatano, 16 Julai

Barua imekuja saa nne asubuhi. Vuai alikuwa kwa Bogumił. Barua zote za Kiingereza zinazoingia nyumba hii nafungua mimi, hata zenye jina lake. Tumezoea.

Wamekataa.

Nimeisoma mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa nikitafuta mahali nilipokosea kuelewa. Wanasema hawaoni kwa nini asirudi Zanzibar akatunzwe huko, na wanaeleza sababu: "Mwombaji mwenyewe ametamka kwamba ana ndugu wengi wa karibu Zanzibar, wenye mapenzi naye." Barua ina tarehe 14. Ana siku kumi na nne za kukata rufaa tangu tarehe hiyo. Mwisho ni Jumatatu, 28 Julai.

Maneno yale nayajua. Niliyaandika mimi. Fomu iliuliza ana nani nyumbani, nami niliona aibu kuwaandikia watu nisiowajua kwamba mdogo wangu hana wa kumpa maji. Ningemwandikaje Bimkubwa, dada yetu, kwamba amelala kitandani mwaka wa pili na hawezi kuinua kikombe? Ningeandikaje kwamba mwanawe ameipangisha nyumba yetu ya urithi kwa wageni? Mambo ya ndani hayo. Nikaandika ndugu wapo wengi, wanapendana, alhamdulillahi. Ndivyo mtu mzima anavyojibu akiulizwa hali ya nyumbani kwao.

Vuai alirudi na rangi nyekundu kwenye kidole. "Kuna barua?"

"Matangazo tu," nikasema.

Nimeiweka ndani ya kitabu cha vita vya Poland. Moyo wake ni mgonjwa na harusi ni wiki tatu na ushee kutoka leo. Nitamwambia nikaha ikishapita. Rufaa nitaishughulikia mwenyewe, kimya kimya.

Ijumaa, 18 Julai

Zimebaki siku kumi.

Nimekwenda Newtown kumwona Samsam, mwanasheria wa kituo cha msaada, msichana wa Kisomali aliyekulia Mombasa. Aliisoma barua haraka, kalamu ikitembea pembeni.

"Mzee, hii tunaweza kupigana nayo," akasema. "Lakini nataka yeye. Aniambie huko nyumbani kukoje, kwa mdomo wake, aweke sahihi. Na nataka makaratasi ya hospitali ya huyo dada yenu."

"Maelezo nitakupa mimi."

"Wewe ndiye uliyeyaandika yale ya kwanza, sivyo?"

Nikaivuta barua upande wangu.

"Mbona hujamwambia?"

Nikamweleza. Kwetu habari mbaya haitupwi mtu akiwa barabarani. Hucheleweshwa mpaka akae na apate watu wa kumshika. Mama yetu alipofariki, mwaka 1994, Vuai alikuwa kazini Muscat. Nilimpigia simu nikamwambia mama anaumwa kidogo, njoo. Mama alikuwa ameshazikwa. Vuai alijua alipofika mlangoni na kuona majamvi ya matanga. Alilia akiwa mikononi mwetu, si peke yake kwenye chumba cha kupanga.

Samsam alinisikiliza hadi mwisho. Ana adabu. "Nakuelewa, Mzee. Lakini hii kitu haingoji harusi. Jumatatu ya tarehe ishirini na nane ikipita, mimi sina la kukufanyia."

Jumapili, 20 Julai

Siku nane. Wingu lilitanda toka asubuhi, halikunyesha.

Jumanne, 22 Julai

Siku sita. Leo nilikuwa nimwambie. Nilipika chai ya tangawizi, nikaweka vikombe viwili, nikakaa. Yeye alikuwa kwenye kofia, sindano mdomoni.

"Vuai."

"Naam, Kaka."

"Ukiambiwa urudi nyumbani, utafikia wapi?"

Aliitoa sindano. "Kwani nani kaniambia?"

"Nauliza tu."

"Sina pa kufikia. Wajua hivyo." Akanitazama, si kwa hofu, kama anavyotazama kitambaa kuona palipokwenda upande. "Kuna jambo?"

"Hakuna. Kunywa chai."

Nimeandika hapo juu kwamba moyo wake ni mgonjwa. Nasoma sentensi ile na kuiona mbovu, kama zile nilizokuwa nikizipigia mstari mwekundu kwenye madaftari ya wanafunzi. Ukweli ni kwamba akiisoma barua ataiona ile sentensi ya ndugu wengi, na atajua nani kaiandika.

Alhamisi, 24 Julai

Siku nne. Siku kama ya leo mfalme alitia sahihi. Bogumił alibisha hodi kunipa bahasha, imefungwa kwa nta nyekundu. "Usiipoteze, Profesa," akasema. Sasa nina mbili.

Ijumaa, 25 Julai

Siku tatu. Samsam amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Tulifika Kings Heath saa tano. Meza ilikuwa na urefu wa milango miwili, imefunikwa kitambaa cha kijani, na barabara ya kwenda Kurów, njia ya Wapolandi ya kurudi nyuma, imechorwa kwa mchanga. Vuai alivaa koti. Mimi nilikaa kichwani mwa meza, bahasha ya nta mfuko wa kulia, barua mfuko wa kushoto. Kwa nini niliichukua sijui. Labda niliogopa kuiacha nyumbani.

Vuai alicheza kama mtu aliyepata siku yake. Kila Inderpal aliposogeza kikosi, yeye alikwisha kukiona. Zamu ya pili akamvunja ubavu mmoja.

"Dereva, umepitiliza kituo," akasema.

"Ngoja, fundi. Bado safari ndefu."

Zamu ya tatu dadu zikamgeuka. Akapoteza farasi kumi na wanane kwa mpigo kwenye kijito, Bogumił akawalaza ubavu pembeni mwa meza, mmoja mmoja, kama anavyolaza watoto. Zamu ya nne Vuai alikusanya vikosi vyake viwili vya mwisho. Niliona anachotaka. Alitaka kuwatupa wote katikati, ashinde au waishe. Mkono wake ulikuwa juu yao, vidole vimetulia, vile vile anavyoshika sindano.

Nami nilijua kwamba hakuna anachopigania. Nilijua tangu saa tano asubuhi. Tangu Jumatano ya wiki iliyopita.

"Kuna habari kutoka Warsaw," nikasema.

Bogumił aligeuka. Haukuwa wakati wake. Nikavunja nta, nikasoma: mfalme amejiunga na wapinzani wa katiba, vita vimekwisha, jeshi lisiendelee. Kwa kanuni, jemadari akishasomewa anachagua, apigane au aondoke.

Vuai hakuchagua mara moja. "Huyu mfalme kasaini lini?"

"Juzi."

"Na wewe ulikuwa nayo mfukoni toka tunaanza."

"Ndiyo."

Akatazama wale kumi na wanane. "Ningejua zamu ya pili, hawa ningewapitisha huku." Alionyesha barabara ya mchanga. "Wote wangetoka."

"Ndiyo mchezo wenyewe, Vuai," Inderpal akasema kwa upole. "Kila mwaka jemadari mpya hukasirika."

"Sijakasirika. Nauliza tu mwamuzi anafaidi nini."

Akavuta vikosi vyake viwili nyuma kwa barabara ya Kurów, hatua kwa hatua, kimoja kikisimama kukinga kingine, na Inderpal hakumpata hata farasi mmoja. Bogumił alisema tangu aanze mchezo huu hakuna aliyetoa watu wengi kiasi kile. Alimshika Vuai mkono kwa mikono yote miwili.

Nje kulikuwa na benchi chini ya ukuta wa kanisa. Nikamwambia tukae. Nikatoa barua ya mfuko wa kushoto.

Aliitazama nembo. Kiingereza hasomi, lakini nembo ile anaijua. "Hii ni ile?"

"Ndiyo."

"Imekuja lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita."

"Ile ya matangazo." Akanirudishia. "Soma."

Nikamsomea kwa Kiswahili, nikifasiri papo hapo. Nilipofika kwenye ndugu wengi nikasita.

"Endelea."

"'Mwombaji mwenyewe ametamka kwamba ana ndugu wengi wa karibu Zanzibar, wenye mapenzi naye.'"

"Nani katamka?"

"Mimi. Kwenye fomu."

"Bimkubwa analishwa kwa kijiko."

"Najua."

"Nyumba wanakaa wapangaji."

"Najua, Vuai."

"Sasa ulikuwa ukimficha nani? Mimi au wao?"

Nikaanza kumweleza kwamba moyo wake, kwamba harusi, kwamba kwetu habari mbaya. Akainua mkono kama anazuia gari.

"Kwa mama ulifanya hivi hivi," akasema. "Njiani toka Muscat nilimnunulia dawa ya kifua. Nilikuja nayo mkononi mpaka mlangoni. Umewahi kuniuliza niliifanya nini ile dawa?"

Miaka thelathini na moja. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani amenishukuru.

"Mwisho wa rufaa lini?"

"Keshokutwa. Wakili amekwisha kuiona barua, anakutaka wewe."

Akasimama, akafunga koti vifungo vyote, katika joto lile. "Nakwenda kwa Jokha. Mwambie huyo wakili wako, kama anafanya kazi Jumapili, anifuate huko."

Aliondoka kwa basi la 50. Mimi nilingoja la pili.

Jumapili, 27 Julai

Samsam, niliyempigia jana usiku, alikuja kwa Jokha na kompyuta na mfuko wa sambusa kutoka kwa mama yake. Lifti ilikuwa mbovu. Vuai alikuwa ameshapanda ngazi zote zile jana, na Jokha alinipokea mlangoni kwa macho mekundu.

"Shikamoo, Baba mkubwa," akasema, kisha kwa sauti ya chini, "Siku kumi, seriously?"

Nilikwenda kuketi karibu na Vuai, nisaidie tarehe na majina. Vuai akasema, bila kunitazama, "Kaka atakaa jikoni."

Nimekaa jikoni saa tatu. Nilisikia sauti yake ikipita ukutani, polepole, ikieleza kila nilichokuwa nimekisitiri: kitanda cha Bimkubwa, mpwa wetu, chumba alicholala kwa jirani wiki mbili kabla ya kuja huku, ambacho hata mimi sikukijua. Alieleza vizuri kuliko mimi. Hakupamba.

Karatasi ya hospitali ya Unguja haiwezi kupatikana kabla ya Alhamisi. Samsam alikuja jikoni kunawa mikono akaniambia rufaa itakwenda bila hiyo, na karatasi itafuata, wakiikubali. "Tungekuwa na siku kumi, Mzee, ingekuwa ndani," akasema. Halafu akaniletea sambusa kwenye sahani.

Jumatatu, 28 Julai

Imepelekwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mvua imenyesha, kubwa, imeosha mtaa.

Jumamosi, 2 Agosti

Vuai bado yuko kwa Jokha. Alimtuma Inderpal kuja kuchukua kofia na nyuzi. "Amesema usimpangie vitu, nichukue mwenyewe, na mkasi pia," Inderpal akaniambia, akiona haya.

Jumamosi, 9 Agosti

Nikaha ilifungwa baada ya Adhuhuri. Bwana harusi alivaa kofia ile. Ukiitazama kwa karibu huoni mwanzo wala mwisho wa uzi.

Nilikaa safu ya tatu. Sheikh alimkalisha Vuai mbele ya bwana harusi, akauliza mashahidi ni nani. Vuai akamtaja ami yake bwana harusi. Kisha akanyamaza, na mimi nikatazama zulia. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa hata nimewaza nitakavyowaeleza watu.

"Na kaka yangu," akasema. "Haidari. Yule pale."

Nikasogea mbele. Magoti yangu si mazuri, ilichukua muda, watu wakanipisha. Vuai akamwoza bintiye, neno kwa neno.

Mlangoni, tukivaa viatu, akaniinamia. "Usidhani nimesahau."

"Sidhani."

"Shahidi ni mtu aliyeona jambo lilivyokuwa. Wewe umeona." Akahangaika na kisigino cha kiatu. "Narudi Jumatatu. Ngazi zile zitaniua kabla ya uhamiaji. Lakini barua yenye jina langu usiiguse."

Jumatatu, 18 Agosti

Karatasi ya Bimkubwa imefika, Samsam ameituma. Bogumił ameleta matango ya chumvi. Vuai anasema hayana tofauti na achari ya embe, ila yamekosa pilipili.

Jumatano, 3 Septemba

Barua ilianguka mlangoni saa nne kasoro. Bahasha nyeupe, nembo nyingine, jina la Vuai. Yeye alikuwa akioga. Niliiokota, nikaiweka mezani, nikaisogeza mbali na kikombe cha chai isije ikalowa, nikakaa kiti cha mbele yake na kusikiliza maji. Nimewahi kusimamia mitihani ya taifa. Haikuwa mirefu hivi.

Akatoka, akaiona. Alivaa shati, akafunga vifungo, akaichana bahasha kwa mkasi wake wa nyuzi, akanikabidhi karatasi.

"Soma. Usiruke, na usieleze."

Nikasoma. Nilisoma anuani, namba ya jalada, tarehe. Nilisoma kwamba rufaa imepokelewa ndani ya muda. Kwamba karatasi ya hospitali imewekwa kwenye jalada, na kwamba jaji ndiye atakayeamua aipe uzito gani, kwa kuwa ilichelewa. Kwamba shauri litasikilizwa tarehe 18 Novemba, saa nne asubuhi. Na nilisoma ya mwisho, kwamba upande wa pili haujabadili msimamo, na mwombaji akishindwa huenda akatakiwa kuondoka nchini.

"Hiyo ya mwisho isome tena."

Nikaisoma tena, kwa sauti ile ile.

Kisha akavuta kapu lake, akatoa kitambaa cheupe kipya, akakikunja mara mbili na kukipima kichwani mwake mwenyewe.

"Novemba," akasema. "Nikianza leo, itawahi." Akautia uzi kwenye sindano.